Posa ya Mpika Spiriti

Posa ya Majaliwa ilirudishwa siku ya Ijumaa baada ya swala, na Biubwa aliijua habari hiyo kabla hajaambiwa. Alikuwa uani akipepeta mchele alipoisikia sauti ya baba yake, Mzee Mikidadi, ikiwaaga wageni sebuleni kwa upole. Ulikuwa upole ule ule aliokuwa akiutumia dukani kwake kumrudisha mteja ambaye hakutaka kumuuzia. Moyo wa Biubwa ukashuka. Baba yake akikasirika alikuwa akinyamaza, lakini akikataa kabisa alikuwa mpole.

Aliyeleta posa alikuwa Mwinshehe, mjomba wake Majaliwa, mkulima wa Mapinga. Alikuja na kanzu safi na maneno ya adabu. Alipotoka, kahawa yake ilibaki kikombeni kama ilivyomiminwa.

Baadaye mzee alimwita binti yake. Hakumketisha mbali. Alimwonyesha nafasi kwenye mkeka, karibu naye, kama alivyokuwa akimfanyia tangu mama yake alipofariki.

"Kijana sina neno naye," alisema. "Ana adabu, na nimeambiwa anaswali. Lakini nyumba hii haitaoza binti kwa mpika gongo."

"Si gongo, baba. Ni mafuta ya magari."

"Wanachemsha, wanachachusha, wanavukiza. Ami yako Haji alikunywa nini mpaka akapofuka?"

Biubwa alikuwa mtoto wakati ule, lakini alimkumbuka vizuri ami yake akipapasa ukuta wa nyumba hii hii, akiutafuta mlango uliokuwa wazi mbele yake. Hakumaliza hata mwezi baada ya hapo. Mzee Mikidadi alimwosha ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo watu wakianza soga za gongo mbele yake huinuka akaenda zake.

Majaliwa hakuwa mpika gongo. Alikuwa msimamizi wa mradi wa serikali uliojengwa Zinga, upande wa kusini wa mji wa Bagamoyo, katika mwaka ule wa shida ya mafuta. Petroli ilikuwa imepanda bei mpaka watu wakaona kama mzaha, na magari yalikuwa yakilala kwenye foleni yakisubiri mafuta ambayo pengine hayakufika. Wakubwa wakasema tujaribu kutengeneza spiriti kwa muhogo, tuichanganye na petroli, ili nchi isikae ikitazama meli tu. Ndipo likasimama banda la mabati, na ndani yake mtambo wa shaba na mapipa ya kuchachushia, na pembeni ghala kubwa la kuwekea makopa, yaani muhogo uliomenywa ukakaushwa. Wakulima waliambiwa walime muhogo kwa wingi, utanunuliwa wote. Majaliwa, aliyekuwa amesomea kazi hiyo India, aliletwa kuuendesha mradi, karibu kabisa na kwao Mapinga.

Biubwa alimwona mara ya kwanza kwenye mizani. Siku hiyo alikuwa amekwenda kumsaidia mama yake mkubwa, Bi Dija, aliyekuwa na shamba la muhogo palepale Zinga. Wanaume wengine pale walikuwa wakipiga kelele, huyu sogea, yule subiri. Majaliwa alimwamkia Bi Dija shikamoo, akaupokea mwenyewe mzigo kutoka kichwani mwa bibi yule, akamtafutia mahali pa kukaa, ndipo akauliza habari ya uzito. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono yake ina makovu ya mvuke. Alipomgeukia Biubwa, macho yake yalikaa usoni mwake kupita kiasi kidogo, kisha yakaona aibu yakainama. Biubwa alirudi mjini na macho hayo.

Akaanza kwenda Zinga kila wiki. Baba yake alifurahi kuona anampenda dada wa marehemu mama yake kiasi hicho.

Siku moja mvua iliwakamata wote bandani, Bi Dija na wanawake wengine wameketi juu ya magunia, na Biubwa amesimama mlangoni karibu na Majaliwa. Alimwuliza kwa nini anaupenda mtambo ule kama mtu anavyompenda mwana. Majaliwa alimweleza, kwa sauti ya chini, kwamba aliwahi kuwa na mke, Mwaija. Uchungu wa uzazi ulimshika nyumbani Mapinga, mtoto amekaa vibaya, na mkunga akasema apelekwe hospitali. Landrova ya zahanati ilikuwepo, na dereva alikuwepo. Petroli haikuwepo. Wakamlaza kitandani wakambeba mabegani kufuata barabara ya Bagamoyo.

"Hakufika," alisema Majaliwa. "Yeye na mtoto. Na unajua kilichonitesa? Gari zima limesimama kwa kukosa cha kunywa, na kushoto na kulia kwa barabara yote ile ni muhogo."

Mvua ilikatika. Wanawake wakajitwika, wakaondoka. Biubwa alitembea nyuma ya mama yake mkubwa bila kusikia anachoambiwa, na alipofika kwenye kona akageuka. Majaliwa alikuwa bado amesimama mlangoni. Hapo akajua kwamba hana tena mamlaka juu ya moyo wake.

Hayo yote yalikuwa kabla ya posa. Baada ya posa safari za Zinga zilikoma. Mzee Mikidadi hakufunga mlango, wala hakumtisha. Aliacha tu kumpa ruhusa, na Biubwa hakuwa binti wa kutoka bila ruhusa.

Kumbe mtu anaweza kukatazwa kumwona mwenziwe asikatazwe kumnusa. Pikapu ya mradi ilikuwa ikiendeshwa kwa spiriti ile, na kila ilipoingia mjini iliacha nyuma yake harufu ya togwa iliyochacha, yenye utamu kidogo kwa ndani. Watoto waliikimbilia, watu wazima waliziba pua. Mzee Mikidadi akiwa barazani alisema astaghfirullah na kuingia ndani. Biubwa, popote alipokuwa ndani ya nyumba, aliuacha mkono wake juu ya kazi, akavuta pumzi, akaishikilia kifuani mpaka ikamshinda. Alijua Majaliwa amepita. Alijua pia kwamba kutoka Zinga hadi posta kulikuwa na njia fupi zaidi kuliko hiyo ya kupita mtaani kwao, na kwamba Majaliwa ameiacha kwa makusudi. Siku ambazo pikapu haikupita zilikuwa ndefu, hazina chumvi.

Kisha mvua zikakosa kunyesha.

Zilikosa za vuli, watu wakasema masika yatafidia. Masika yakaja na mawingu matupu. Kisamvu kilinyauka mashambani, na mbegu mpya za muhogo ziliota zikafa. Mjini watu walipata unga kwa kupanga foleni. Zinga hawakuwa na foleni ya kupanga. Ndipo ilipokuja habari kwamba Bi Dija yu mgonjwa, hawezi kuinuka.

Mzee Mikidadi alimfungia binti yake unga wa mchele, sukari na dawa. "Nenda ukamwuguze mama yako mkubwa," alisema. "Kwingine usiende." Biubwa akaitikia kwamba amesikia.

Alimkuta Bi Dija amelala kitandani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Alikuwa amekula ndiga, ile mizizi ya porini ambayo hailiki mpaka ilowekwe majini siku nyingi. Njaa haikumpa subira ya kuiloweka. Majirani walimpa tui la nazi akatapika, na huko kutapika ndiko kulikomwokoa.

"Muhogo wako uko wapi, mama?" Biubwa alimwuliza.

"Niliuuza wote, mwanangu. Nilidhani mvua itanyesha. Kila mtu alidhani." Bi Dija alipumzika kidogo, kisha akasema bila uchungu wowote, "Uko pale ghalani. Tunauona tukipita."

Biubwa alimnywesha uji mpaka akasinzia. Kisha akajitanda kanga yake, akatoka, akashika njia ya kwenda kwenye mradi. Neno la baba yake lilikuwa masikioni mwake. Aliliacha huko huko masikioni.

Majaliwa alikuwa peke yake bandani, amepiga goti akifunga bomba. Aliinua kichwa. Miezi yote ile ya harufu ya pikapu na ya ndoto ilisimama kati yao. Macho yake yalimpitia Biubwa usoni polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu alichokipoteza amerudishiwa kizima.

"Umekonda," alisema.

"Zinga nzima imekonda. Mama mkubwa amekula ndiga."

Majaliwa aliweka spana chini. Hakuwa amejua kwamba Bi Dija anaumwa. Aliuliza hali yake, naye Biubwa akamweleza, kisha akauliza swali lililomleta: kwa nini ghala limefungwa na watu wanakula mizizi ya sumu.

Majaliwa alimweleza ukweli. Wakubwa wake walikuwa wakija kutoka Dar es Salaam wiki hiyo pamoja na wageni. Lori lingejazwa spiriti lipelekwe mjini na kurudi mbele yao. Likienda vizuri, fedha zingetoka na mitambo kama ule ingejengwa pwani nzima. Likishindikana, mradi ungefungwa. Makopa yale ndiyo yaliyotosha kwa kazi hiyo, na hakuna mengine. Wazee wa Zinga walikuwa wamekuja kuomba, naye akapeleka maombi yao, akaambiwa ile ni mali ya serikali isiguswe.

"Siku hiyo ikipita," alisema, "kitakachobaki nitakigawa chote."

"Kitabaki nini?"

Majaliwa aliiokota spana yake.

"Nakuuliza, Majaliwa. Kitabaki nini?"

"Machicha," alisema.

Biubwa aliona jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa shida, akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamtia hasira zaidi.

"Ulinisimulia habari ya Mwaija hapa hapa mlangoni. Kwa habari ile nilikupenda. Ndiyo, nakwambia leo kwa kinywa changu, maana posa yako imerudishwa na mimi sina la kuficha. Nilikupenda kwa sababu niliona mtu aliyefiwa akataka wengine wasifiwe. Sasa nani atakayembeba mama yangu mkubwa mabegani? Na lori lako likipita kando yake, limeshiba, utasemaje?"

Majaliwa alikaa juu ya gunia. Alisema kwamba akilifungua ghala, mradi utakufa, na kila alichokifanya tangu alipomzika mke wake kitakuwa bure. Yeye mwenyewe ataondolewa Zinga, atupwe huko asikokujua.

"Nitakuwa mbali nawe," alimaliza.

"Hata sasa uko mbali nami," alisema Biubwa.

Aliondoka. Alitamani Majaliwa amfuate, amwite hata mara moja, amshike ncha ya kanga. Alitembea polepole makusudi, akajionea aibu. Hakuna aliyemwita. Alifika kwa Bi Dija akawasha moto, akaukoroga uji huku machozi yakimshuka, na mgonjwa alipomwuliza akasema ni moshi.

Asubuhi yake alisikia sauti za wanawake njiani, wengi, wanakwenda haraka. Alitoka nje. Milango ya ghala ilikuwa wazi yote miwili, na watu wamejipanga na vikapu na kanga za kufungia. Majaliwa mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mizani ile ile aliyonunulia muhogo, sasa anapima wa kutoa, nyumba kwa nyumba, wenye wagonjwa na wenye watoto wachanga kwanza. Hakupaza sauti. Wazee walipotaka kumshukuru aliwaambia wamshukuru Mungu, muhogo ni wa kwao.

Adhuhuri alikuja kwa Bi Dija na gunia begani. Hakuvuka kizingiti. Alilishusha mlangoni, akafuta jasho.

"Ukisonga bada ya muhogo huu, iwe laini," alimwambia Biubwa. "Tumbo lake halijatulia."

"Majaliwa."

"Usiseme kitu," alisema, akamtazama. "Ukisema neno moja zuri nitashindwa kuondoka hapa, na watu wananisubiri kule."

Biubwa alisimama akimwangalia akirudi ghalani, na mkono wake ulikuwa juu ya gunia, mahali bega la Majaliwa lilipokuwa.

Wageni walikuja wakakuta mtambo umepoa na ghala tupu. Maneno yaliyosemwa bandani siku ile yalisikika mpaka barabarani. Wapo waliotaka Majaliwa ashtakiwe, lakini mmoja katika wageni, mtu mzima, aliuliza kama wako tayari kusimama mbele ya hakimu waeleze kwamba watu wale wangeachwa wafe, na jambo hilo likaishia hapo. Mradi ulifungwa. Majaliwa aliamriwa kwenda Kilombero, kwenye miwa.

Bi Dija alipopata nguvu za kukaa, Biubwa alirudi mjini. Habari zilikuwa zimemtangulia. Baba yake alimpokea, akauliza hali ya mgonjwa, akasema alhamdulillahi, wala hakutaja jambo jingine. Biubwa alimwambia mwenyewe kwamba alikwenda alikokatazwa. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kulijua hilo na kulisamehe.

Majaliwa alikuja kuaga alasiri moja. Hakuleta mjomba wala mshenga. Alibisha hodi mlango wa mbele akakaribishwa sebuleni, akamwamkia mzee, wakaulizana hali za wagonjwa na za mashamba. Biubwa alikuwa nyuma ya pazia la ndani, ameshika kitambaa chake kwa vidole vyote.

"Nimesikia uliyoyafanya Zinga," alisema Mzee Mikidadi. "Mke wangu alizaliwa pale. Ningekuwa mtu wa maneno mengi ningekushukuru kwa mengi." Akaiweka sawa kofia yake. "Na mtambo umezimwa?"

"Umezimwa, mzee."

"Basi kazi ile umeiacha."

Nyuma ya pazia Biubwa aliacha kupumua. Alimjua baba yake. Mzee yule hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu, na sasa alikuwa ameufungua mlango kadiri alivyoweza kuufungua bila kuonekana ameufungua. Ilibaki Majaliwa aitikie tu. Nimeiacha, mzee. Maneno mawili, na posa ingepokelewa upya kabla jua halijatua. Aseme, Biubwa aliomba kimoyomoyo. Mungu wangu, aseme.

Majaliwa alitazama mikono yake yenye makovu.

"Sijaiacha, mzee," alisema. "Zinga nilikosea, nilitaka kuwalisha magari chakula cha watu. Lakini Kilombero wanakamua miwa, sukari ikitoka yanabaki maji mazito meusi ambayo hayaliwi na mtu, yanamwagwa tu. Nitakwenda kuyapika hayo. Nitayachachusha, nitayavukiza, kama nilivyofanya hapa. Nitatia mafuta ya taa ndani yake, asiweze kuyanywa mtu yeyote. Lakini spiriti ni ile ile, na siwezi kukaa juu ya mkeka wako nikakuambia vingine."

"Ungeweza kusema umeiacha. Nani angekwenda Kilombero kukuchungulia?"

"Biubwa angekuja kujua. Angeishi na mume aliyemnunua kwa uongo."

Biubwa alifumba macho. Alimchukia kwa kitambo kifupi, kwa yote ambayo wangeweza kuwa nayo kesho. Kisha akamtamani kwa namna ambayo hakuwahi kumtamani, hata siku za pikapu.

"Siwezi kukuoza binti yangu," alisema mzee. Sauti yake haikuwa ya upole. Ilikuwa na mikwaruzo, kama ya mtu anayejiumiza mwenyewe.

"Nimeelewa, mzee. Sikuja kuposa. Nilikuja kuaga."

Alisimama. Ndipo Biubwa, ambaye hakuwahi hata siku moja kutokea mbele ya wageni wa kiume wa baba yake bila kuitwa, alisukuma pazia akaingia sebuleni. Ushungi wake ulikuwa umekaa vizuri kichwani na sauti yake haikutetemeka.

"Nenda salama," alimwambia Majaliwa. "Baba hajakuoza, na mimi sitamvunjia heshima. Lakini sitaolewa na mtu mwingine. Nataka ulijue hilo uendako, na baba alisikie nikilisema."

Majaliwa alimtazama. Safari hii macho yake hayakuona aibu wala hayakuinama. Aliweka mkono kifuani, akatoka. Hatua zake zilisikika mtaani, kisha zikachanganyika na za watu wengine.

Biubwa alingoja kukemewa. Mzee Mikidadi alitafuta makubazi yake kwa miguu, akayavaa, akaenda msikitini.

Siku zilipita bila yeyote kulitaja jina lile. Biubwa alifanya kazi zake, alimwendea Bi Dija kila ruhusa ilipotoka, na ruhusa sasa ilitoka bila kuombwa sana. Barabarani pikapu haikupita tena. Hewa ya mtaa ilikuwa safi, na usafi huo ulimwuma.

Mchana mmoja walikuwa wakila, baba na binti, wali na samaki wa kukaanga. Mzee alikuwa akimchambua samaki kwa uangalifu, mwiba baada ya mwiba.

"Huko Kilombero," alisema bila kuinua macho, "mtu anafikaje?"

Biubwa aliuacha mkono wake sahanini. Alisema hajui vizuri. Amesikia tu kwamba kuna basi mpaka Morogoro, na kutoka hapo ni safari nyingine.

"Ni mbali, basi."

"Ni mbali, baba."

Mzee Mikidadi akaisogeza minofu aliyoichambua upande wa binti yake.

"Kula," alisema. "Tutauliza njia."